Jiwe la Milisav na Stana

Jiwe halikuanguka. Watu wengi waliuliza baadaye, na hilo ndilo jambo ambalo dereva na abiria wake walilieleza kwa namna moja: halikuanguka. Gurudumu la nyuma lilizama kwenye shimo lililochimbwa na maji ya theluji kando ya kalavati, lori likalala upande kama ng'ombe anayetaka kujikuna, na lile bamba jeusi la kaburi likajigonga kwenye chuma cha ubavuni. Ukasikika mlio mfupi, mkavu, kama wa kokwa ya jozi inayopasuliwa kwa meno.

Vitomir alizima injini, akashuka, akapanda nyuma. Mikanda ilikuwa mahali pake na mbao za kukingia zilikuwa mahali pake. Kwenye jiwe zilichorwa sura mbili, kama walivyozoea kufanya watu wa vilima vile mmoja wa wanandoa anapotangulia. Kushoto alikuwa Stana na kilemba chake, chini yake miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Kulia alikuwa mumewe Milisav, amevaa suti na tai, chini yake mwaka mmoja tu na kistari kinachongoja. Ufa ulianzia juu kwenye kona ya kulia, ukapita kwenye paji la uso la Milisav, ukamkata kinywa na kutokea ubavuni. Kipande chenye sikio na bega kilikuwa kimelala sakafuni mwa lori. Stana hakuwa na hata mkwaruzo.

"Limevunjika?" aliuliza Milisav mwenyewe, ambaye alikuwa bado kwenye kiti cha mbele.

"Limevunjika, mzee."

Mzee alishuka polepole, akashikilia ubavu wa lori, akachungulia. Hakujitazama. Alivuta mkono wa koti lake, akafuta vumbi kwenye uso wa mkewe, halafu akamshika Vitomir mkono juu ya kiwiko.

"Vito, usimwambie Biserka kwamba mimi ndiye niliyekupitisha huku."

"Ataniuliza, mzee. Kila mtu anajua lami inafika hadi makaburini."

"Sema ulipotea."

"Nipotee kwenye kijiji nilichozaliwa?"

"Sema unavyotaka. Akijua, atasema akili imenitoka. Ananipeleka kwake Vienna, ghorofa ya nne. Nitakaa dirishani kama kasuku, Vito." Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka juu ya koti la dereva. "Nina nyumba hii tu. Ile pale, unaiona? Ile pale."

Nyumba ilionekana, hatua chache tu mbele yao, na miplamu iliyochanua hadi ukutani. Vitomir aliitazama nyumba, akamtazama mzee, akatazama gurudumu lililozama.

"Basi, mzee," alisema. "Basi. Imekwisha."

Kwa neno hilo alikuwa amejitwika jiwe zima.

*

Biserka, binti wa Milisav, alifika Jumatatu kutoka Vienna. Mlangoni kwa Vitomir hakuvua viatu. Alisimama juu ya kile kizulia kidogo cha kufutia miguu, mkoba kifuani, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nyuma yake alisimama Gavrilo, mchonga mawe, mtu mnene mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi lisilotoka hata siku ya Pasaka.

"Karibuni kahawa," alisema Ivanka, mke wa Vitomir, na tayari alikuwa ameshaimimina.

"Nimekunywa," alisema Biserka.

Kila mtu chumbani alijua hajanywa. Kahawa ilibaki mezani ikitoa mvuke, na Ivanka hakujua aipeleke wapi mikono yake.

"Sikuja kugombana, Vito. Tumesoma darasa moja. Nataka tu kujua ni nani ananilipa jiwe langu."

"Mimi usinitazame, dada," alidakia Gavrilo. "Jiwe limetoka kwangu zima, na Vito amelitilia saini. Likishavuka lango langu ni la dereva mpaka lishushwe. Ndivyo kazi ilivyo. Mimi nachonga, sibebi."

"Nakubali," alisema Vitomir.

Ivanka aligeuka. "Unakubali nini?"

"Kwamba lilikuwa mikononi mwangu."

"Haya, niambie basi," alisema Biserka. "Barabara ya lami imenyooka mpaka makaburini. Ulikwenda kutafuta nini kule juu kwenye mashimo?"

Vitomir alikiangalia kiganja chake. "Nilidhani njia imekauka."

"Ulidhani! Unajua jiwe lile ni vitanda vingapi, Vito? Mimi natandika vitanda vya watu hotelini. Mkinikuta hapa na koti zuri mnafikiri kule tunaokota hela. Magoti yangu yamekwisha. Mwaka mzima nimelitandika jiwe lile."

Kikongwe Kosana, mama yake Vitomir, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na jiko, alikohoa. "Biserka mwanangu, mama yako angekaa akanywa kahawa kwanza."

"Mama yangu yuko chini ya msalaba wa mbao, mama Kosana. Jumamosi anatimiza mwaka. Ndugu watakuja, kasisi atakuja, ngano ya kumwombea nimeshaiagiza, na juu yake kuna ubao." Alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Euro elfu mbili na mia mbili. Sitaki senti zaidi, sitaki senti pungufu."

Hata Gavrilo alitazama chini.

"Nitauza lori," alisema Vitomir.

Walipoondoka, Ivanka aliichukua ile kahawa akaimwaga kwenye sinki. Alikaa akiitazama mifereji ya weusi wake ikishuka. "Lori," alisema. "Halafu utabeba kuni za watu mgongoni? Bima je?"

"Bima ni ya kugonga watu. Mzigo haumo."

"Na ulipita kule kwa nini, Vito? Mimi si Biserka. Mimi nimelala na wewe miaka yote hii, najua ukidhani na usipodhani."

Vitomir alichukua kofia akatoka kwenda kuwapa kondoo maji, ingawa kondoo walikuwa wameshakunywa.

"Usimsukume," alisema Kosana. "Mtoto huyu tangu mdogo, akibeba siri anatembea kama aliyebeba yai kwapani."

*

Mnunuzi alikuja Jumatano kutoka mjini, kijana mwenye miwani ya jua aliyoivalia kichwani, siku ya mawingu. Alizunguka lori, akapiga teke gurudumu la mbele, akafungua mlango akaufunga kwa nguvu kusikiliza mlio wake.

"Hili ndilo lililovunja kaburi?"

"Halikuvunja kaburi," alisema Vitomir. "Jiwe lilipata ufa."

"Kule mjini tumesikia mzee mwenyewe kavunjika uso, na bado yuko hai. Hiyo ni nuksi, kaka. Gari lenye nuksi bei yake ni nyingine." Akapiga teke gurudumu la nyuma.

"We mtoto," Kosana aliita kutoka barazani, "teke la tatu nakurudishia mimi."

Kijana alicheka, lakini alirudi nyuma hatua moja. Alitaja bei. Ilikuwa chini kuliko ile aliyokuwa ameiogopa Vitomir. Vitomir alisugua kutu kwenye komeo la ubavuni, komeo alilolibadilisha mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, vidole vimekufa ganzi.

"Hela taslimu," alisema kijana. "Ijumaa nakuja. Ukipata mwingine, nipigie."

Wote wawili walijua hatapatikana mwingine.

Siku hiyohiyo Ivanka alikuwa jikoni kwenye shule ya msingi, alikofanya kazi ya upishi, akigawa maharagwe. Karani wa shule, ambaye mumewe aliwahi kushtakiana na watu waliomletea friji iliyobonyea, alikuja na sahani yake na masikio yake.

"Pole, jamani. Nimesikia. Na sheria ndivyo ilivyo, mbebaji analipa." Akavuta sahani. "Isipokuwa mwenye mzigo mwenyewe ndiye aliyemwelekeza vibaya. Hapo linamrudia. Ndivyo tulivyoshindwa sisi. Mume wangu ndiye aliyewaambia waipitishe dirishani. Vito alikuwa na nani garini?"

Upawa wa Ivanka ulisimama juu ya sufuria.

Alimkuta mumewe bandani. Hakumsalimia.

"Mzee Milisav alikuwa amekaa kando yako. Ni yeye aliyesema mpite juu. Niambie si kweli."

Vitomir alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Alimweleza yote, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba. Alimweleza kwamba alikataa mara mbili, na mzee akasema: mzigo ni wangu, pita ninapotaka. Alimweleza habari ya ghorofa ya nne.

"Kwa hiyo kosa ni lake," alisema Ivanka.

"Shimo nililijua mimi."

"Na yeye alijua! Anaishi pale! Vito, unauza mkono wako wa kulia kwa ajili ya neno ulilomwambia mzee barabarani."

"Nilimwambia basi."

"Hiyo basi yako inatugharimu lori!"

"Alikuwa anatetemeka, Ivanka." Alisema bila kuinua kichwa. "Ungekuwepo ungesema hivyohivyo."

"Nisingesema," alisema Ivanka. "Na kesho nitakwenda kukuonyesha."

*

Alikwenda kwa Milisav na hasira yake, na mfukoni mwa aproni alikuwa na bahasha. Bahasha ilikuwa na pesa za meno. Kwa muda mrefu Ivanka alikuwa akiweka kidogokidogo ili azibe pengo la mbele lililomfanya azibe kinywa kila alipocheka. Aliichukua kwa sababu alijifahamu: huenda angefika pale ulimi ukagoma.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni, mtungi wa gesi ulikuwa umeng'olewa kichwa chake cha kufungulia, na kichwa hicho kilikuwa juu ya kabati refu, mahali ambapo mzee asingefika. Sanduku la safari lilikuwa wazi juu ya kiti, ndani yake mashati ya kiume yaliyokunjwa vizuri sana, kama mashati ya hotelini. Biserka alikuwa amesimama mbele ya baba yake.

"Umekimeza kidonge? Fungua mdomo nione. Inua ulimi, baba."

Milisav alifungua mdomo. Aliinua ulimi. Wakati akiwa hivyo, macho yake yakakutana na ya Ivanka mlangoni.

Hasira yote ya Ivanka ilimtoka kama hewa kwenye gurudumu. Alijifanya anahangaika na kamba ya kiatu, akavua viatu, akaingia.

"Samahani, nimeingia bila hodi."

"Karibu," alisema Biserka, na safari hii yeye ndiye aliyemimina kahawa. "Unatukuta kwenye vurugu. Nampeleka baba Vienna. Kwa majira ya baridi tu."

"Sasa ni majira ya kuchipua," alisema mzee.

"Kwanza uzoee, baba."

Ivanka alikaa. Alikunywa funda moja ili asiwe mtu wa kukataa kahawa. Maneno aliyoyapanga njia nzima aliyaacha; mbele yake kulikuwa na mzee aliyetoka kuamriwa ainue ulimi. Akatoa bahasha, akaiweka mezani.

"Huu ni mwanzo," alisema. "Zilizobaki utapata kesho, mnunuzi akija."

"Mnunuzi wa nini?" aliuliza Milisav.

"Wa lori, mzee."

"Lori gani?"

"Lori letu. Tuna lingine?"

Mzee alimgeukia binti yake. "Wanauza lori?"

"Baba, hayo tuachie sisi."

"Na hizi?" Aliigusa bahasha kwa kidole. "Hizi ni za nini, Ivanka?"

"Ni zangu tu," alisema Ivanka, na bila kutaka akaziba kinywa kwa mkono.

Milisav aliuangalia mkono ule. Kijiji kilikuwa kidogo, na hakuna asiyejua pengo la mwenzake. Biserka alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua bahasha, lakini kiganja cha baba yake kilitua juu yake kwanza, pana na kizito, kiganja cha mtu aliyelima.

"Usiiguse."

"Baba..."

"Mimi ndiye niliyempitisha juu. Alikataa mara mbili. Nikamwambia mzigo ni wa nani, si wangu? Nikamlazimisha kama mtoto. Halafu nikamwomba anyamaze, na yeye, mjinga yule, amenyamaza."

Biserka alisimama na kikopo cha vidonge mkononi. "Ulimpitisha juu kwa nini?"

"Ili apite nyumbani."

"Nani?"

"Mama yako."

Biserka alikiweka kikopo mezani.

"Jiwe halina macho, baba," alisema Biserka polepole, kwa sauti ileile ya *fungua mdomo nione*.

"Najua halina macho. Mimi ni mzee, si mwehu. Lakini siku ile mlimtoa hospitali mkampeleka moja kwa moja makaburini. Kwa lami. Hakupita nyumbani. Kila mtu wa hapa akifa anapita nyumbani mwake kwanza, hata mlevi Randjel alipita. Mama yako alikuwa akirudi kutoka sokoni anasimama pale langoni, anashusha vikapu, anasema, 'Haya, nimefika.' Miaka yote. Siku ile hakufika."

"Ilikuwa matope." Biserka alikuwa ameanza kukaa bila kutazama kama kuna kiti. "Yule mwenye gari la maiti alisema atakwama. Kasisi alikuwa anangoja. Na mimi nilikuwa na basi la jioni, hotelini wasingeniongeza siku..."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unalia."

Ivanka aliinuka, akageukia mlango vilipokuwa viatu vyake. Alihisi amekaa mahali pasipo pake. Lakini Biserka alichukua bahasha chini ya kiganja cha baba yake, na safari hii mzee aliiachia. Akairudisha mfukoni mwa aproni ya Ivanka kwa mkono wake mwenyewe, akapigapiga mfuko ule juu juu.

"Kaa," alisema, pua imeziba. "Kahawa yako inapoa."

*

Ijumaa asubuhi walikutana uani kwa Gavrilo, kati ya malaika wa plasta na misalaba isiyo na majina bado. Lile jiwe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Vitomir alikuwa amempigia simu mnunuzi asije. Kijana akamtukana kidogo, akakata.

Ilianza kama ugomvi, kwa sababu kila mtu alikuja na hukumu yake.

"Nitalipa mimi," alisema Milisav. "Nina pensheni."

"Pensheni yako ni ya dawa na tumbaku," alisema Biserka.

"Sitaki kusamehewa kila kitu," alisema Vitomir. Alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Shimo nililijua. Alinilazimisha mara mbili, ningeweza kukataa mara ya tatu. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, si mwake."

"Mimi nasema tu," alisema Gavrilo, "jiwe lilitoka hapa zima."

"Gavrilo, hakuna anayekudai!" walisema wote kwa pamoja.

"Haya, haya. Nasema tu. Lakini hata mkiuziana nyumba, jiwe kama hili linachukua wiki sita. Kesho halipo."

Mzee alisogea karibu na bamba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alijitazama: nusu ya paji, jicho moja, tai.

"Huyu wa kushoto hana kasoro," alisema.

"Hana," alikubali Gavrilo.

"Basi nitoe mimi."

"Nikutoe vipi?"

"Una msumeno wa nini? Kata hapa, kati yetu. Mimi sijafa. Nilikuwa nimesimama hapo bure tu, nimeshapiga tai kama bwana harusi anayengoja."

Gavrilo alisogeza vumbi kwenye nyusi. Alipima kwa shubiri, akapima tena. "Inawezekana. Litakuwa jembamba lakini."

"Na yeye alikuwa mwembamba," alisema Milisav.

Biserka alitoa sauti ambayo Vitomir alidhani ni kilio, akageuka kuona kwamba anacheka, halafu akaona ni vyote viwili. Alijifuta kwa mgongo wa mkono.

"Sikilizeni, maana mimi ndiye niliyelipa," alisema. "Nimelipia watu wawili. Mmoja amefika salama. Huyo simdai mtu. Aliyevunjika ni baba, na baba kavunjwa na wawili, yeye na wewe Vito. Kwa hiyo jiwe lake mtachangia, nusu kwa nusu. Dogo tu, kama hilo la mama. Lakini si leo."

"Lini?" aliuliza Vitomir.

"Siku atakapolihitaji."

Ilichukua kitambo mpaka wote wakaelewa. Wa kwanza alikuwa dereva. Alimshika mzee mabega yote mawili.

"Mzee Milisav. Nakuomba. Ishi."

"Usinisukume, nitaona."

"Ishi hadi mia. Kuni zako za baridi nitapasua mimi. Ukipiga chafya, niite."

"Kumbe mtu akitaka kutunzwa vizuri," alisema mzee, "awe anadai."

Ivanka alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na mikono yake ilibaki ikining'inia. Gavrilo aliwasha msumeno. Alisema atachukua hela ya maji na ya meno ya msumeno tu, na akarudia, kwa yeyote aliyetaka kusikia juu ya kelele, kwamba lilitoka kwake zima.

*

Jumamosi kulikuwa na jua. Vitomir alilipeleka jiwe kwa lami, akasimamisha lori sehemu ya mwisho akatembea kwanza kuangalia njia, Kosana akamcheka kwamba anafanya upelelezi kama wa vitani. Lilisimamishwa kabla kasisi hajafika. Upande uliokatwa ulikuwa wa kijivu, haujang'arishwa, na baadhi ya ndugu waliuliza kwa nini Stana amewekwa pembeni na nafasi yote ile imeachwa tupu. Biserka aliwajibu kwamba hapo pana mwenyewe, anachelewa.

Baada ya maombi, wakati watu wanapitishiana ngano na vijiko, Milisav alichoka, akakaa pale pale, kwenye saruji tupu kando ya mkewe.

"Baba, simama, utachafua suruali."

"Niache. Hapa ni kwangu."

Biserka alitazama watu, akatazama koti lake zuri. Halafu akakaa kando yake, magoti yakilia, akamwekea bakuli la ngano mapajani. Walikula kwa kijiko kimoja.

Jumatatu alirudi Vienna, na sanduku lake peke yake. Kabla ya basi alipita kwa Ivanka, akavua viatu mlangoni, akampa kichwa cha mtungi wa gesi kilichofungwa kwenye taulo. "Kitunze wewe. Umpikie ukiweza. Nitakuwa napiga simu Jumapili." Ivanka alikitunza mpaka basi lilipopotea kwenye kona. Halafu akapanda kilimani kwa mzee akakirudisha kwenye mtungi.

*

Mwezi wa kumi na moja Milisav aliugua kifua. Vitomir aliwasha moto asubuhi kabla ya kwenda kazini, na Ivanka alipanda kila jioni na sufuria ya supu ya kuku iliyofungwa kwa shali. Kijijini watu walitania kwamba hakuna mdai aliyewahi kulishwa na wadeni wake namna ile, na Kosana aliwajibu kwamba kuku ni rahisi kuliko jiwe. Jumapili, simu ya Vienna ilipolia, Ivanka alikwenda nayo dirishani na kusema kwa sauti ya chini mambo ambayo hakuyasema mbele ya mgonjwa.

Jioni moja homa ilikuwa imeshuka. Mzee alikuwa amekaa kitandani na mito miwili, amenyoa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi. Ivanka aliweka bakuli mbele yake.

"Leo umekuja mapema," alisema mzee. "Unaogopa nitakwenda usiku nikuachie deni."

"Naogopa sana. Kula."

"Mwambie Vito asiwe na wasiwasi. Nimeamua niwachoshe kwanza."

"Tumeshachoka. Kula, baba."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mzee aliliacha neno lipite bila kulitolea maoni, akachovya kijiko, akameza, akakunja uso.

"Chumvi haitoshi."

"Daktari amesema ndivyo."

"Daktari hajui kupika."

"Hajui," alisema Ivanka. Akavuta kiti, akakaa, akangoja bakuli liishe.